Kuchora leso kuanzia kwenye jina

Wengi wanaoanza kuchora leso, yaani kanga, hukimbilia maua. Pindo linapendeza, mji, yaani uwanja wa kati, unajaa, halafu saa ya mwisho ndio wanatafuta maneno ya kubandika. Mimi naanza na jina, yaani maneno yenyewe ya leso. Nitakuonyesha kwa leso yangu ya kandili.

1. Shika kisa, kisha kipunguze

Nyanya yangu wa Kuze, Mombasa, alikuwa na mwana aliyeondoka na jahazi asirudi. Kila magharibi nyanya alifuta masizi kwenye kioo cha kandili, akakata ncha ya utambi iliyoungua, akaitundika msumarini kando ya mlango. Ikiwaka hadi alfajiri.

Jina langu la kwanza lilitaka kusema yote: jahazi, kusi, mama, dua. Maneno 13! Kabla ya kulikata nilikwenda Biashara Street, mtaa wa maduka ya leso Mombasa, kusoma leso zilizotundikwa, zikiwemo za Kaderdina Hajee Essak, zile zenye alama ya "Mali ya Abdulla", nyumba ya biashara iliyoanza 1887. Majina yanayokaa moyoni ni mafupi. Baada ya siku tatu langu likabaki hivi:

TAA SIZIMI MLANGO NI WAKO

Nyanya hayumo, bahari haimo. Ndivyo ninavyotaka. Mama atampelekea binti aliyeolewa mbali, mke atajifunga mumewe akinuna, mashoga waliokosana watapatana nayo. Anayenunua leso anatia kisa chake mwenyewe, kwa hivyo mwachie nafasi.

2. Wasomee waliokuzidi umri

Mwanzo niliandika MLANGO SIFUNGI. Shangazi alikataa papo hapo: "Mwanangu, hilo litasomwa vyengine." Alikuwa na haki. Usiruke hatua hii hata kidogo.

3. Vipimo

Leso moja ni kama sm 150 kwa 110. Chora kwa moja ya tano, yaani sm 30 kwa 22. Pindo lipe sm 3 pande zote nne. Jina liweke chini ya mji, juu kidogo ya pindo refu, ili leso ikifungwa kiunoni lisomeke nyuma mwanamke anapopita.

4. Mji na pindo

Mjini niliweka kandili moja kubwa, basi. Pindo nililitoa kwenye utambi: nilikaa na kipande chake mkononi nikaona nyuzi zinavyopishana, moja juu, moja chini, nikazifuata kwa penseli pande zote nne. Kwenye pembe nikatia umbo la korosho, maana jicho lililozoea leso hulitafuta.

5. Rangi

Kila rangi ina skrini yake ya kuchapia, na kila skrini ina gharama. Kisutu, leso ya bibi arusi, kinatosheka na nyekundu, nyeusi na nyeupe. Mimi nilitumia nyeusi na manjano ya moto, nyeupe nikaiachia kitambaa.

6. Sampuli

Ya kwanza ilinivunja moyo. Herufi zilibanana, wino ukatambaa, matundu ya A yakaziba. Nilizikuza hadi kimo cha milimita 8 kwenye karatasi, sawa na sm 4 kwenye kitambaa. Itundike sampuli ukutani, rudi nyuma hatua kumi, usome.

Doti, yaani leso mbili zilizoungana, ikifika, ikate, ikunge, ujifunge mwenyewe utoke nayo. Nilipita Biashara Street na yangu jioni moja. Nyuma nikasikia mama akisoma polepole, "Taa sizimi…" Kisha akanyamaza, akaniita anishike bega.