Somo: Kuitambua na kuitunza theodolaiti ya zamani, pamoja na mnyororo wake

Theodolaiti, yaani darubini ya wapima ardhi ya kupimia pembe, ya kwanza niliyoimiliki niliiharibu mwenyewe, tena kwa usafi. Niliipata kwa mnunuzi wa vyuma chakavu hapa Morogoro, ikiwa ndani ya sanduku lake la mbao, shaba yake imegeuka rangi ya chai ya rangi, nami nikaona aibu kumwonyesha mtu kitu kilichofifia namna ile. Kwa Jumamosi mbili niliisugua kwa dawa ya kung'arishia shaba mpaka ikawaka kama njumu za mlango wa Unguja. Nilipoinamia lenzi ya kusomea pembe ndipo nilipoona kwamba kati ya nyuzi 140 na 160 hapakuwa na mistari tena. Mistari ile ilikuwa imechongwa juu ya ukanda mwembamba wa fedha uliopachikwa kwenye duara la shaba, nayo ni myembamba kuliko unywele. Dawa ilikuwa imekula fedha pamoja na alama zake, na hakuna fundi awezaye kuzirudisha.

Somo hili linahusu vifaa vya aina hiyo, yaani theodolaiti za vania (kijipimo cha pembeni cha kusomea sehemu ndogo za digrii), dampi levo (darubini ya kupimia usawa wa ardhi), dira na minyororo ya kupimia urefu, ambavyo wapima ardhi walivibeba porini kabla ya vifaa vya elektroniki kufika.

Hatua ya kwanza: soma maandishi yote

Usishike kitambaa wala bisibisi kabla hujasoma kila herufi iliyochongwa kwenye kifaa na kila karatasi iliyobandikwa ndani ya kifuniko cha sanduku. Jina la mtengenezaji mara nyingi linatosha kukadiria umri. Kampuni ya Cooke, Troughton & Simms ya mjini York, Uingereza, ilizaliwa mwaka 1922 baada ya kampuni mbili kuunganishwa, kwa hiyo kifaa chenye majina hayo matatu hakiwezi kuwa cha kabla ya hapo, hata muuzaji akuapie kwamba kilipima reli ya Mjerumani. Chenye jina la T. Cooke & Sons peke yake kwa kawaida ni cha zamani zaidi. Hilger & Watts nao waliungana mwaka 1948. Ukiona mshale mdogo wenye kichwa kipana, hiyo ni alama ya mali ya serikali ya Kiingereza, na herufi P.W.D. kwenye vifaa vya enzi ya ukoloni ni za Idara ya Kazi za Umma. Wauzaji wengine huzikwangua herufi hizo wakidhani ni doa la wizi, kumbe ndizo zinazoeleza kifaa kilitumikia wapi.

Tazama pia namna pembe zinavyosomwa. Theodolaiti ya vania ina duara la shaba linaloonekana kwa nje, lenye vijilenzi viwili vya kusomea, na nyingi husoma hadi sekunde 20 za pembe (digrii moja ina sekunde 3,600), ambazo ni takriban sentimita 10 katika umbali wa kilomita 1. Wild T2 ya Heerbrugg, Uswisi, ni jamii nyingine kabisa, kwani duara zake ni za kioo, zimefichwa ndani, na husoma hadi sekunde 1, yaani kama nusu sentimita katika umbali uleule. Hiyo usiifungue kamwe nyumbani. Ukiifungua utakuwa umenunua sanduku la vipande.

Hatua ya pili: kitoe sandukuni kwa utaratibu

Piga picha kwanza kwa simu. Sanduku la zamani limechongewa nafasi ya kila kiungo, na anayesahau darubini ilikuwa imeelekea wapi huishia kulifunga kwa nguvu, akapinda nguzo zinazobeba darubini. Legeza vibano, kisha inua kifaa kwa kushika kitako au nguzo hizo. Usikiinue kwa darubini, ingawa ndiyo inayovutia mkono.

Hatua ya tatu: safisha kidogo kuliko unavyotamani

Anza na vumbi, kwa brashi laini ya nywele na kipulizo cha mpira cha mkononi, kwa sababu punje moja ya mchanga chini ya kitambaa hufanya kazi ya msasa. Kisha tumia kitambaa cha pamba kilicholoweshwa maji kidogo na kukamuliwa, na ukaushe papo hapo. Ile rangi ya kahawia au ya dhahabu iliyokolea unayoiona juu ya shaba mara nyingi si uchafu bali ni vanishi ya kiwandani, iliyowekwa ili shaba isiguswe na hewa na jasho, na ukiiondoa utalazimika kusugua kila mwaka. Kutu ya kijani inayochimba kwenye pembe za skrubu iondoe kwa njiti ya mwanzi, kwa subira, bila kisu. Ukanda wa fedha wenye digrii usisuguliwe kwa chochote. Brashi kavu inatosha.

Ndani ya darubini kuna mistari ya msalaba ambayo, katika vifaa vingi vya zamani, ni uzi halisi wa buibui ulionyooshwa kwenye pete ndogo. Wapima walipokatikiwa na uzi porini walitafuta buibui na kuunga mwingine. Kwa hiyo usipulize hewa ndani ya darubini wala usiingize kijiti chenye pamba, kwani pumzi moja kali inakata kilichodumu miaka 80.

Kuhusu mafuta, tone moja la mafuta ya saa au ya cherehani kwenye skrubu ngumu linatosha. Nimewahi kupokea levo iliyopakwa mafuta ya nazi na mtu mwenye nia njema. Yalikuwa yameganda yakawa gundi, na ilichukua wiki nzima skrubu zikubali kuzunguka.

Hatua ya nne: kihifadhi pakavu

Adui mkubwa wa Tanga, Mombasa na Unguja ni unyevu, kwani hewa ikikaa juu ya asilimia 70 kwa muda, kuvu huota kwenye lenzi. Weka vifuko vya silika jeli, yaani punje za kufyonza unyevu, sandukuni na uvibadilishe, lipe sanduku nafasi mbali na ukuta, na usiache darubini ndani ya mkoba wa ngozi, maana ngozi hufyonza maji na kuyatunza.

Mnyororo

Mnyororo wa Gunter, uliopewa jina la Mwingereza Edmund Gunter aliyeubuni mwaka 1620, una futi 66, sawa na mita 20.1168, zilizogawanywa katika pingili 100. Minyororo 80 ni maili moja, na minyororo 10 ya mraba ni eka moja, hesabu ambayo bado inalala ndani ya ramani za viwanja vya zamani. Kila pingili 10 pana kibati cha shaba chenye meno: jino 1 kwa pingili 10, meno 2 kwa 20, meno 3 kwa 30, meno 4 kwa 40, na kibati cha mviringo katikati. Kwa kuwa meno huhesabiwa kutoka ncha zote mbili, kibati cha meno manne ni 40 au ni 60, na wanafunzi wengi wamelala njaa wakitafuta pingili 20 zilizopotea. Futa chuma kwa kitambaa chenye mafuta ya cherehani, ukunje mnyororo kuanzia katikati, na usiunyooshe kwa kuuvuta.

Maswali ya wanachama

Swali, kutoka Mombasa: Shikamoo mwalimu. Ndani ya lenzi ya mbele naona vijinyuzi vyeupe kama miguu ya buibui. Je, niiloweke kwenye spiriti?

Jibu: Marahaba. Hiyo ni kuvu. Usiiloweke, kwa sababu lenzi za zamani huwa ni vioo viwili vilivyogandishwa kwa utomvu wa mti, na spiriti huuyeyusha. Tenga kifaa hicho na vingine, kikaushe kwa silika jeli, kisha mpelekee fundi wa darubini au kamera. Usikianike juani.

Swali: Nina dira ya kijeshi ambayo namba zake ziling'aa gizani zamani, sasa hazing'ai. Naweza kuipaka rangi upya?

Jibu: Usiifungue wala kuikwangua. Dira nyingi za namna hiyo zilipakwa rangi yenye radiamu, na mng'ao hufa kwa sababu rangi imechoka huku radiamu ikiendelea kutoa mionzi kwa karne nyingi. Iweke ndani ya kasha, mbali na chumba cha kulala na mbali na watoto.

Swali, kutoka Kigoma: Juu ya kilima cha kwetu kuna nguzo ya saruji yenye bamba la shaba. Kijiji hakiijui kazi yake. Naruhusiwa kulichukua bamba kwa ajili ya mkusanyiko wangu?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Hiyo ni bikoni, yaani alama ya kudumu ya wapima ardhi, na kuing'oa ni kosa kisheria hata kama nyasi zimeifunika. Huko magharibi inaweza kuwa sehemu ya safu za pembetatu za upimaji zilizofuata meridiani ya 30, yaani mstari wa longitudo wa digrii 30 mashariki, na vipimo hivyo ndivyo vilivyozaa Arc 1960, mfumo wa kuonyesha mahali ambao ramani nyingi za Tanzania na Kenya zimechorwa juu yake. Ipige picha, andika majira yake ya nukta kwa simu, halafu upeleke taarifa ofisi ya upimaji ya wilaya.

Swali: Mjomba, mnyororo niliorithi kwa babu una sentimita 9 zaidi ya futi 66. Niukate pete chache urudi sawa?

Jibu: Usikate kitu. Pete zililika na pingili zikanyooka kwa kazi. Mnyororo uliorefuka huonyesha umbali mfupi kuliko ulivyo, kwa hiyo kama babu alipimia huo bila kuusahihisha, viwanja vyake ni vikubwa kidogo ardhini kuliko kwenye karatasi. Andika kipimo cha leo na tarehe kwenye kadi, uifunge kwenye mpini wa shaba kwa uzi wa pamba.