Tafuta wazo na muuzaji kwa pamoja: mwongozo wa kukarabati na kupamba nyumba Dar es Salaam

Watu wengi wanaotaka kukarabati nyumba huanza kwa kujaza simu picha za sebule za ughaibuni, na wanapofika madukani hukuta kwamba kochi walilolipenda halipo, au lipo kwa bei ambayo mfuko wao hauifikii. Nashauri njia nyingine. Kila kitu kinachokuvutia katika nyumba ya jirani, katika nyumba ya wageni au katika ofisi uliyokwenda kwa shughuli zako kina fundi aliyekitengeneza au duka kilikonunuliwa. Uliza palepale kabla hujaondoka, kisha andika aina ya mbao, mtaa na namba ya simu ya fundi. Mwenye nyumba huwa anafurahi kuulizwa, na zaidi ya hayo atakueleza jambo ambalo muuzaji hatakueleza: kama kitu hicho kimedumu.

Kabla ya kutoka kwenda kuangalia vya watu, kagua kwanza nyumba yako mwenyewe asubuhi, mchana na jioni. Andika ni chumba gani kinachopigwa na jua la magharibi, upepo unaingilia wapi, na ni ukuta gani wenye unyevu. Hili la unyevu nalisisitiza kwa sababu lilinigharimu: niliwahi kupaka rangi nzuri sana kwenye ukuta wa chumba cha kulala bila kutafuta bomba lililokuwa likivuja nyuma yake, na haikupita miezi mingi rangi ikafanya malengelenge na kubanduka kuanzia chini. Kwa nyumba zilizo karibu na bahari, kama zile za Kigamboni na Msasani, kumbuka pia kwamba hewa ya chumvi hula vyuma, kwa hiyo bawaba na komeo nafuu zinazong'aa dukani zitashika kutu mapema.

Ukishaijua nyumba yako, nenda ukatazame majengo yaliyoishi na joto letu kwa miaka mingi. Kijiji cha Makumbusho, kando ya Barabara ya Bagamoyo, kina nyumba za asili za makabila mbalimbali ya Tanzania, na humo utaona jinsi paa linavyoshushwa ili litoe kivuli na jinsi miti, udongo na makuti vinavyopendeza bila kufichwa. Ukipata nafasi ya kuvuka kwenda Unguja, tembea polepole katika Mji Mkongwe, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, uangalie mabaraza, dari za juu na zidaka zilizochimbwa ukutani kuwekea vyombo. Baraza la saruji kando ya mlango au zidaka mbili katika ukuta wa sebule ni kazi ambayo fundi mwashi yeyote makini anaiweza. Kama nyumba unayoikarabati ni ya zamani, ya mawe ya matumbawe na chokaa, tafuta fundi anayejua chokaa. Lipu ya saruji huzuia ukuta wa namna hiyo kupumua, unyevu unabaki ndani na lipu yenyewe huishia kubanduka.

Kwa samani, wakazi wa Dar es Salaam wengi huelekea Keko, ambako mafundi seremala wamejipanga wakifanya kazi zao hadharani, na hiyo ndiyo faida kubwa ya mahali hapo. Usivutiwe na vanishi. Chomoa droo ya kabati kabisa, uigeuze, uangalie sehemu ya nyuma na ya chini: kama pembe zimeunganishwa kwa misumari peke yake bila ulimi (ncha ya ubao inayochomekwa kwenye tundu la ubao mwingine) wala gundi, na kama sakafu ya droo ni ubao mwembamba unaobonyea ukiugusa kwa kidole, utajua kazi nyingine ikoje. Kisha tazama mbao kabla hazijapakwa chochote. Mninga na mkongo ni mbao zinazotegemewa kwa milango na vitanda, mtiki nao unapatikana, lakini mti bora uliopasuliwa ukiwa mbichi utajipinda na kuacha nyufa, kwa hiyo uliza mbao zimekaushwa kwa muda gani na uombe kuziona zikiwa stoo. Makubaliano yaandikwe, hata kama ni kwenye karatasi ya daftari: vipimo, aina ya mbao, tarehe na mafungu ya malipo. Toa malipo ya awali ya kununulia mbao, fungu la pili utakapoona fremu imesimama, na salio baada ya kukagua kazi iliyokamilika.

Marumaru, taa, mabomba na vitasa hupatikana kwa wingi Kariakoo, na ni vyema kwenda asubuhi ya siku ya kazi ukiwa na vipimo vyako mwenyewe badala ya kumwachia fundi akadirie. Chukulia chumba cha mita 4 kwa 3.6, yaani mita za mraba 14.4. Ukiongeza asilimia 10 kwa ajili ya vipande vitakavyokatwa na kuvunjika, unapata 15.84; na kama boksi moja lina marumaru 4 za sentimita 60 kwa 60, yaani mita za mraba 1.44, unahitaji maboksi 11. Hakikisha yote yana namba ileile ya toleo, kwa kuwa marumaru za jina moja hutofautiana rangi kidogo kutoka toleo hadi toleo, na tofauti hiyo huonekana zikishalazwa. Uliza pia zinazotengenezwa hapa nchini, Mkuranga na Chalinze, kabla ya kulipia za kutoka nje. Dai risiti kwa kila unachonunua. Bila risiti ni vigumu kurudisha kitu chenye kasoro.

Rangi usiichague kwa kadi ndogo chini ya taa za duka. Nunua kopo dogo, paka kipande cha mita moja kwenye ukuta wenyewe, ukitazame kwa siku mbili.

Mapambo yaje mwisho, na hapa hatuna sababu ya kuagiza mbali. Mwenge kuna wachongaji wa vinyago, na Oyster Bay kuna ushirika wa wachoraji wanaoendeleza mtindo ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972. Unaweza kumpa mchoraji kipimo cha ukuta wako na rangi za sebule akuchoree picha inayoendana nazo. Mikeka ya ukindu na vikapu vya milulu vya Iringa hukaa vizuri katika vyumba vya joto, mradi visiwekwe penye unyevu.

Kazi ikiisha, weka marumaru zilizobaki juu ya kabati ziwe akiba, hifadhi kifuniko cha kopo la rangi chenye namba yake, na ukutani ndani ya stoo bandika karatasi yenye majina na namba za mafundi wote, kila mmoja na kazi aliyoifanya. Jirani atakapokuja kuuliza, umpe.