Halmashauri ikitaka ardhi yako ya ufukweni England: jinsi ya kuweka pingamizi na kudai fidia

Ukipokea bahasha yenye taarifa ya amri ya ununuzi wa lazima, yaani amri ya kuchukua ardhi yako hata kama hutaki kuuza, ambayo England wengi huiita CPO, fungua ramani kabla ya kusoma barua. Eneo linalotakiwa kwa kawaida hupakwa rangi ya waridi. Fuata mpaka wake kwa kidole: unaishia ukutani kwako, au unamega ua, njia ya magari, ngazi za kushukia majini? Kisha tazama kwenye jedwali la amri, linaloorodhesha wenye haki katika ardhi, jina lako limeandikwa kama nani: mmiliki, mpangaji au mkaaji. Likikosewa, iandikie halmashauri siku hiyo hiyo.

Kinachowaponza wengi ni kuchanganya mambo mawili. Pingamizi hupelekwa kwa waziri anayethibitisha amri, si kwa halmashauri iliyoitoa. Fidia ndiyo unayoidai kwa halmashauri. Barua ya pingamizi inayolalamikia bei peke yake inaweza kuwekwa kando, kwa kuwa ugomvi wa bei una baraza lake.

Muda wa pingamizi haupungui siku 21, na tarehe ya mwisho imo kwenye taarifa. Usingoje mpaka upate wakili. Andika jina lako, anwani, jina kamili la amri, haki uliyo nayo katika ardhi, na sababu zako. Zenye uzito ni kama hizi: halmashauri haikukaa nawe kujaribu kununua kwa maelewano, haijulikani fedha za mradi zitatoka wapi, mradi unaweza kujengwa bila kugusa kipande chako, au unakarabati boti, kazi isiyofanyika mbali na maji, na hujaonyeshwa pa kuhamia. Mzigo wa kuthibitisha kwamba manufaa ya umma yanazidi haki yako ni wa halmashauri, kwa hiyo uliza maswali bila woga. Usipoliondoa pingamizi, hoja zako zitapimwa, ama katika uchunguzi wa hadhara mbele ya mkaguzi, ama kwa maandishi. Amri ikithibitishwa, una wiki 6 tu za kwenda Mahakama Kuu, tena kwa hoja za kisheria pekee.

Faili la fidia lifungue tangu bahasha ya kwanza, hata kama unapinga. Ardhi hulipwa kwa bei ya soko, ikihesabiwa kana kwamba mradi haupo. Shikilia hapo. Mtaa uliosubiri kubomolewa kwa miaka huchakaa, maduka hufungwa, bei hushuka. Anguko lililoletwa na mradi wenyewe hupaswi kulibeba wewe.

Juu ya thamani kuna hasara za kuhama. Chukua mashine moja iliyofungwa kwa bolti kwenye sakafu ya zege: kuna fundi wa kuifungua, kreni, lori, sakafu mpya, umeme wa kuunganisha upya, na siku ambazo imelala bila kazi. Kila kimoja kiwe na risiti na tarehe. Sambamba na hilo, tafuta mahali pengine mapema, maana hasara uliyoweza kuiepuka hulipwi. Kwa nyumba, mmiliki aliyeishi humo angalau mwaka mmoja huongezewa asilimia 10 ya thamani yake, kati ya kima cha chini na cha juu kilichowekwa. Mpangaji hupewa kiasi maalumu.

Tafuta mthamini aliyezoea kesi hizi. Ada yake ya kiasi kwa kawaida huingia kwenye fidia, ila pata kauli ya halmashauri kwa maandishi kabla hajaanza.

Kabla ya kuchukua ardhi, halmashauri lazima ikupe notisi isiyopungua miezi 3. Hapo omba kwa barua malipo ya awali: asilimia 90 ya kiasi mlichokubaliana, au ya makadirio yao kama bado mnavutana. Kuyapokea hakukuzuii kudai zaidi. Mkishindwana kabisa, shauri huenda Baraza la Juu, kitengo cha ardhi. Miaka 6 tangu ardhi ichukuliwe ikipita bila kulifikisha huko, dai limekufa.