Diski ya Nje Inayokatika kwenye Linux: Kubaini Kama Chanzo ni Kebo, Umeme au Draiva

Diski ya nje ikipotea ghafla katikati ya kunakili mafaili, wengi hukimbilia kuifomati. Naomba usifanye hivyo, kwa sababu mara nyingi data ingali salama na kilichokwama ni mawasiliano kati ya adapta ya diski (saketi ndogo inayoiunganisha diski na USB) na draiva ya mfumo endeshi, yaani programu inayokiendesha kifaa. Tutaanza na umeme na kebo, ndipo tufike kwenye draiva. Ukianza na draiva, unaweza kuvuruga mipangilio ya mfumo kumbe hitilafu iko kwenye waya.

Hatua ya 1: Soma taarifa za kerneli (kiini cha mfumo endeshi)

Fungua terminali, andika amri ifuatayo, kisha chomeka diski na unakili faili kubwa hadi tatizo lijirudie:

`sudo dmesg -w`

Ukiona mistari yenye `uas_eh_abort_handler` ikifuatwa na `reset SuperSpeed USB device`, maana yake draiva ilituma amri, ikasubiri jibu hadi muda ukapita, ikaifuta amri hiyo na kuanzisha mawasiliano upya. Hiyo ndiyo dalili kuu ya kutopatana kwa adapta na draiva. Ukiona `USB disconnect` pekee, bila malalamiko yoyote kabla yake, shuku umeme au kebo. Na kama hakuna mstari mpya hata mmoja unapochomeka, kompyuta haijakihisi kifaa, na hakuna mpangilio wa draiva utakaosaidia.

Hatua ya 2: Ondoa shaka ya umeme na kebo

Tundu la kawaida la USB 2.0 hutoa hadi mA 500 na la USB 3.0 hadi mA 900, yote kwa volti 5. Diski ya sahani ya inchi 2.5 huvuta umeme mwingi zaidi inapoanza kuzunguka, na ikiwa imechomekwa kwenye hubu isiyo na umeme wake, hugawana kiasi hicho na vifaa vingine. Diski ya inchi 3.5 huhitaji pia volti 12, kwa hiyo lazima iwe na umeme wake. Chomeka diski moja kwa moja kwenye kompyuta kwa kebo fupi, hakikisha jina lake kwa `lsblk` (hapa nitatumia `/dev/sdb` kama mfano; weka la diski yako), kisha soma hali yake:

`sudo smartctl -a -d sat /dev/sdb`

Tazama `UDMA_CRC_Error_Count`. Namba hii hairudi nyuma, kwa hiyo linganisha kabla na baada ya jaribio: ikizidi kupanda, data inaharibika njiani kati ya diski na adapta. Ikiwa zinazopanda ni `Current_Pending_Sector` au `Reallocated_Sector_Ct`, diski yenyewe inachoka. Achana na majaribio na uokoe data kwanza.

Hatua ya 3: Jua draiva inayotumika

`lsusb -t`

Kwenye mstari wa diski yako utakuta `Driver=uas` au `Driver=usb-storage`. Draiva ya `usb-storage` hutumia itifaki ya mwaka 1999 inayopeleka amri moja na kungoja imalizike. Draiva ya `uas` hutumia itifaki mpya zaidi ya UAS (USB Attached SCSI), ambayo hupeleka amri nyingi kwa pamoja na kupokea majibu kwa mpangilio wowote, jambo linaloongeza kasi, lakini baadhi ya adapta hudai kuimudu ilhali programu yao ya ndani huzidiwa amri zinapokuwa nyingi. Andika `lsusb` ili upate namba ya utambulisho ya adapta, ambayo hapa nitaiwakilisha kwa 1234:5678.

Hatua ya 4: Jaribu kwa muda

Funga mafaili, shusha diski kwa `umount`, ichomoe, kisha andika:

`echo 1234:5678:u | sudo tee /sys/module/usb_storage/parameters/quirks`

Herufi `u` huiambia kerneli isitumie UAS kwa adapta hiyo. Chomeka tena, thibitisha kwamba `lsusb -t` sasa inaonyesha `usb-storage`, hakikisha tena jina la diski, kisha uisome mfululizo:

`sudo dd if=/dev/sdb of=/dev/null bs=4M status=progress`

Kagua amri hii mara mbili kabla ya kubonyeza Enter, kwani ukiandika diski upande wa `of` utaifuta. Soma kiasi kinachozidi pale ilipokuwa ikikatika, kisha rudia pia kunakili faili lile kubwa. Ikikatika tena vilevile, rudi hatua ya 2, maana UAS haikuwa chanzo.

Hatua ya 5: Fanya badiliko liwe la kudumu

Jaribio la hatua ya 4 hufutika kompyuta inapowashwa upya. Tengeneza faili `/etc/modprobe.d/usb-storage-quirks.conf` lenye mstari huu:

`options usb-storage quirks=1234:5678:u`

Kisha sasisha initramfs, yaani mfumo mdogo unaopakiwa mwanzoni kompyuta inapowaka: kwenye Debian na Ubuntu malizia kwa `sudo update-initramfs -u`; kwenye Fedora tumia `sudo dracut -f`. Kwenye Raspberry Pi inayowaka kutoka diski hiyo, ongeza `usb-storage.quirks=1234:5678:u` kwenye mstari uleule mmoja wa `cmdline.txt`.

Utakutana na ushauri wa kuizuia draiva ya `uas` kabisa. Siuungi mkono, kwa kuwa unapunguza kasi ya diski zote zisizo na tatizo kwa ajili ya adapta moja. Na mtengenezaji akitoa programu mpya ya ndani ya adapta, isakinishe, ondoa mstari huo, sasisha initramfs, washa kompyuta upya na urudie jaribio la kusoma na kunakili. Likipita, iache UAS ifanye kazi.