Kudhibiti Kiwango cha Chumvi katika Bwawa la Kuogelea la Nyumbani

Chumvi iliyomo katika bwawa la kuogelea haimalizwi na mashine, wala haipandi hewani pamoja na mvuke. Mashine ya klorini hupitisha umeme katika maji ya chumvi, kloridi ikageuka kuwa klorini inayoua vijidudu, na klorini hiyo ikishafanya kazi yake hurudi kuwa kloridi ileile. Kwa hiyo kiwango cha chumvi kikishuka, ama yapo maji yaliyotoka bwawani yakaondoka nayo, ama kipimo kinadanganya. Na kikipanda bila mtu kuongeza chumvi, maji yaliyoingia ndiyo yaliyokuja nayo. Mwenye bwawa anayelizingatia jambo hili hatakimbilia gunia kila taa ya onyo inapowaka.

Mashine nyingi za majumbani hufanya kazi vizuri maji yakiwa na chumvi kati ya miligramu 2,700 na 3,400 kwa lita, na mara nyingi kiwango kinacholengwa ni 3,200. Kioo cha mashine kikionyesha ppm, yaani sehemu kwa milioni, hesabu ni ileile. Zipo mashine zinazohitaji 4,000 au zaidi, hivyo kijitabu kilichokuja na mashine yako ndicho cha kufuatwa. Maji ya bahari yana takriban 35,000, na ndiyo maana mtu anayeoga katika bwawa la aina hii huisikia chumvi kidogo tu ulimini, au asiisikie kabisa. Chumvi ikipungua mno, klorini huwa haba na utando wa madini ulio juu ya bamba za mashine, ambao ndio sehemu ya gharama kubwa, huchakaa mapema. Ikizidi mno, mashine nyingi hujizima zenyewe, na ngazi, skrubu na mawe laini ya ukingoni huanza kuliwa.

Kupima ndiko kunakowashinda wengi, kwa sababu huamini namba iliyo kwenye kioo. Mashine haioni chumvi. Hukadiria kutokana na umeme unaopita kati ya bamba zake pamoja na joto la maji. Bamba zikishika ukoko mweupe wa kalisi, au zikizeeka, umeme hupita kwa shida na kioo huonyesha kwamba chumvi ni kidogo ilhali imo ya kutosha. Kwa hiyo pata kipimo kingine kisichotegemea mashine, kiwe karatasi za kupimia chumvi au kipima cha kidijitali cha mkononi kilichosawazishwa kwa maji yake maalumu. Chota sampuli kwa kuzamisha mkono hadi kiwiko, mbali na tundu linalorudisha maji bwawani, pampu ikiwa imefanya kazi kwa saa kadhaa. Namba mbili zikitofautiana kwa mia tano au zaidi, zima umeme, fungua mashine na uzikague bamba kabla ya kufikiria chumvi. Ukoko huondolewa kwa asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa kwa maji kama kijitabu kinavyoelekeza, mahali penye hewa, ukiwa umevaa glavu na miwani ya kinga. Asidi humiminwa ndani ya maji, na kamwe maji hayamiminwi ndani ya asidi. Usizikwangue bamba kwa kitu cha chuma.

Ukishathibitisha kwamba chumvi imepungua kweli, fanya hesabu. Zidisha urefu wa bwawa kwa upana, kisha kwa wastani wa kina, upate ujazo kwa mita za ujazo. Bwawa la mita 8 kwa 4 lenye wastani wa kina cha mita 1.5 lina mita za ujazo 48, yaani lita 48,000. Toa kiwango kilichopo kutoka katika kiwango unachotaka, zidisha jibu kwa mita za ujazo, kisha gawanya kwa 1,000: hizo ndizo kilo. Kutoka 2,600 hadi 3,200, bwawa hilo linahitaji kilo 28.8. Bwawa jipya lililojazwa maji yasiyo na chumvi lingehitaji karibu kilo 154.

Chumvi inayofaa ni ile iliyosafishwa, yenye kloridi ya sodiamu isiyopungua asilimia 99, isiyotiwa madini joto wala dawa ya kuzuia isigandamane. Hapa pana kishawishi kwa mkaazi wa pwani, kwani chumvi ya mawe inayovunwa kwenye mashamba ya chumvi kama ya Gongoni na Marereni huko Kilifi ni rahisi na iko karibu. Ni chumvi nzuri kwa kazi nyingi, lakini ile isiyosafishwa huja na magnesiamu, kalisi na udongo, navyo huishia kuwa ukoko kwenye bamba na madoa sakafuni. Nafuu ya bei huliwa na matengenezo.

Siku ya kuongeza, zima mashine ya klorini lakini iache pampu ikizunguka. Mwaga chumvi taratibu ukizunguka ukingo, hasa upande wa kina kifupi, na usiitie ndani ya kichota-takataka cha ukingoni, kwa kuwa itaingia ikiwa nzito moja kwa moja kwenye mitambo. Piga brashi chumvi iliyolala chini mpaka iyeyuke. Tia kwanza robo tatu ya kiasi ulichokokotoa, ngoja saa 24, pima tena, kisha kamilisha. Kuongeza ni kazi ya dakika chache, ilhali kupunguza ni kumwaga maji. Bwawa lililopigwa lipu mpya lisitiwe chumvi kabla ya mwezi mmoja hivi kupita.

Sasa tuyatazame maji yenyewe. Wakati wa masika, mvua ya milimita 100 huingiza lita 3,200 katika bwawa letu la mfano, na bwawa likiwa limejaa, maji ya kiasi hicho hufurika yakiondoka na takriban kilo 10 za chumvi. Kuosha kichujio cha mchanga kwa kugeuza mkondo nako, kwa dakika tatu hivi, huweza kumwaga karibu mita moja ya ujazo, sawa na kilo tatu. Kiwango kinachoshuka wakati wa kiangazi bila kichujio kuoshwa kinakutaka utafute ufa au bomba linalovuja.

Kinyume chake hutokea pale bwawa linapojaziwa maji ya kisima, na katika sehemu nyingi za pwani yetu, kuanzia Lamu hadi Mtwara, maji hayo huwa na chumvichumvi. Tuseme kisima kina miligramu 1,500 kwa lita, na jua na upepo hukausha milimita 5 kwa siku. Utafidia lita 160 kila siku, na kila siku utaingiza gramu 240 za chumvi ambayo haitapanda na mvuke. Kwa mwezi ni kilo 7.2, nacho kiwango hupanda kwa 150. Baada ya kiangazi kirefu mwenye bwawa hushangaa mashine imejizima kwa chumvi kuzidi, naye hajanunua hata gunia moja. Pima maji ya kisima, na hata ya boza, kabla ya kuyatumia. Turubai la kufunika bwawa hupunguza sana ukaukaji.

Chumvi ikizidi, dawa ni kutoa sehemu ya maji na kuingiza yaliyo matamu zaidi. Kushuka kutoka 4,500 hadi 3,200 kwa maji yenye 200 kunahitaji kubadilisha karibu asilimia 30 ya bwawa. Kwa maji ya kile kisima, asilimia 43. Usilikaushe bwawa lote, hasa masika, maji ya ardhini yanapokuwa juu, kwa kuwa bwawa tupu huweza kuinuliwa na kupasuka. Na maji unayotoa yasielekezwe kwenye bustani: mnazi huenda ukayastahimili, lakini mimea mingi ya bustani haitayavumilia.