Mkate au riziki? Namna ya kulifuatilia neno epiousios

Kwenye mazishi, waumini wa madhehebu mbalimbali hukutana wakasali Sala ya Bwana kwa pamoja, na katikati ya sala sauti hupishana. Wakatoliki wanasema "utupe leo mkate wetu wa kila siku". Wenzao waliolelewa na Biblia ya Union ya 1952 wanasema "utupe leo riziki yetu", na wamemaliza kabla ya wengine. Wanafunzi wangu wa Kigiriki huniuliza ni upande upi umekosea. Siwajibu, nawaambia watoe daftari, tuanze kazi ya kulifuatilia epiousios, neno la Kigiriki linaloambatana na "mkate" katika ombi hilo.

Hatua ya 1: Andika mstari wote

Usianze na neno likiwa pweke. Andika Mathayo 6:11 kwa nafasi pana: ton arton hēmōn ton epiousion dos hēmin sēmeron. Chini ya kila neno weka maana yake: mkate, wetu, utupe, sisi, leo. Chini ya epiousion weka alama ya kuuliza na uiache hapo kwanza, hata kama kamusi iko mkononi.

Kisha andika Luka 11:3 chini yake, ulinganishe. Mathayo ana dos, ombi la mara moja, pamoja na "leo". Luka ana didou, yaani "uwe ukitupa", na mahali pa "leo" ameweka to kath' hēmeran, "siku kwa siku". Piga mstari hapo. Maneno "siku kwa siku" katika Luka yametoka kwenye kath' hēmeran, na epiousion bado imesimama pembeni yake ikidai tafsiri yake yenyewe. Wengi huyachanganya haya mawili, na wakishayachanganya hawarudi tena kuuliza.

Hatua ya 2: Litafute kwingineko

Fungua itifaki ya Agano Jipya la Kigiriki, yaani kitabu kinachoorodhesha kila neno na aya lilimo. Utalikuta neno hili mara mbili tu, katika aya hizo hizo. Liko pia katika Didake, kitabu cha mafundisho cha Wakristo wa kwanza, sura ya 8, lakini pale ni sala ile ile, kwa hiyo si ushahidi mpya. Origene wa Aleksandria, msomi wa karne ya 3 aliyekizungumza Kigiriki tangu utotoni, aliandika kwamba hakuliona kwa wataalamu wala hakulisikia kwa watu wa kawaida, akaona kana kwamba wainjilisti wameliunda wenyewe.

Ukikutana na kitabu cha zamani kinachosema neno hili lilionekana katika orodha ya matumizi kwenye mafunjo ya Misri, kuwa mwangalifu. Orodha hiyo ilichapishwa 1889, kisha mafunjo yenyewe yakapotea. Yalipopatikana tena Chuo Kikuu cha Yale, 1998, yakasomwa upya: lile neno ni elaiou, mafuta. Futa ushahidi huo.

Hatua ya 3: Livunje

Hapa kaa muda mrefu. Kuna njia mbili kubwa. Ya kwanza ni epi pamoja na ousia, "kuwako" au "asili": mkate wa kutuweka hai, au mkate upitao vitu vyote. Njia hii ina kikwazo. Kwa kawaida i ya epi hudondoka mbele ya irabu. Epi na ouranos vimezaa epouranios, "wa mbinguni" (Yohana 3:12). Tungetarajia epousios. Si kikwazo kisichovukika, ila kina uzito.

Njia ya pili ni kitenzi epienai, "kuja, kufuata". Humo i ni ya kitenzi chenyewe, haina sababu ya kudondoka. Na mfano upo: Matendo 16:11 ina tē epiousē, "siku iliyofuata". Mkate wetu unakuwa wa siku inayokuja. Mimi naegemea hapa.

Hatua ya 4: Waulize watafsiri wa kale

Yeronimo, aliyetafsiri Biblia kwa Kilatini, kwa neno lile lile la Kigiriki aliandika supersubstantialem, "upitao asili", katika Mathayo na quotidianum, "wa kila siku", katika Luka. Anaeleza pia kwamba katika Injili ya Waebrania, injili ya kale isiyomo katika Biblia, alikuta mahar, "kesho". Peshitta, Biblia ya kale ya Kisiria, ina "mkate wa mahitaji yetu", na Biblia ya Kiswahili ya Habari Njema imekaribia hapo hapo: "chakula chetu tunachohitaji". Ukiona watafsiri wakubwa wametawanyika hivi, usimdharau hata mmoja. Andika majibu yao yote pembeni.

Hatua ya 5: Pima Kiswahili chako

Artos ni mkate, lakini kwa Wayahudi mkate ulibeba mlo wote, kama ugali kwetu. Riziki inabeba zaidi: chakula, kazi, na Mungu anayetoa. Naipenda sana kwa hilo. Lakini hesabu maneno: katika "riziki yetu" artos na epiousios yamemezwa na neno moja. Msomaji hawezi kujua kwamba kulikuwa na kivumishi.

Wengine hupinga "kesho" kwa sababu aya ya 34 ya sura ile ile inakataza kuisumbukia. Nami nasema anayeomba ameutua mzigo, hausumbukii. Tena siku ya Kiyahudi huanza jua linapozama, kama hesabu yetu ya pwani, ambapo usiku wa Ijumaa huitangulia Ijumaa yenyewe. Kiswahili kina kitenzi cha jambo hilo: kuamkia. "Utupe leo riziki ya siku tunayoiamkia." Ukiisali alfajiri, ni siku hii iliyo mbele yako, ukiisali jioni, ni ile itakayofuata.

Kwa ibada mimi nabaki na maneno ambayo watu wanayajua kwa moyo. Tafsiri hii naiweka kwenye tanbihi na darasani.

Hatua ya 6: Isome kwa sauti

Msomee mtu asiyejua Kigiriki, umuulize anaomba nini. Nilimsomea mama mmoja muuza samaki, mzee wa kanisa letu. Alinyamaza kidogo, akasema: "Hiyo ya kuamkia ndiyo yangu, mwalimu. Fedha ya kwenda kununulia samaki alfajiri naiombea usiku huu."