Kumchunguza wakala wa forodha kabla ya kumkabidhi kontena

Kampuni nyingi huanza ukaguzi wa wabia kwa kumtumia kila muuzaji fomu ileile, kuanzia anayeleta karatasi hadi anayetoa mizigo bandarini. Nguvu hizo zinapotea. Kwanza mtenge yule anayeonana na maofisa wa serikali kwa niaba yako, kwa sababu hongo ikitolewa, yeye ndiye mwenye nafasi ya kuitoa, na faida yake inakuja kwako. Kwa anayeagiza bidhaa kupitia Mombasa, mtu huyo ni wakala wa forodha.

Sheria ya Hongo ya Kenya ya mwaka 2016 inakugusa moja kwa moja. Kifungu cha 9 kinaitaka kampuni binafsi iwe na taratibu za kuzuia hongo zinazolingana na ukubwa na aina ya shughuli zake. Kifungu cha 10 kinaibebesha kampuni kosa pale mtu anayeifanyia kazi anapohonga ili kuipatia biashara au nafuu, na wakala ni mtu wa namna hiyo. Kama una mwekezaji au mnunuzi wa Uingereza, ongeza sheria yao ya hongo (Bribery Act) ya 2010. Wamarekani wana sheria ya 1977 (FCPA) inayokataza kuhonga maofisa wa nchi nyingine, ambayo huachia mwanya malipo madogo ya kuharakisha shughuli za kawaida za ofisi. Mwanya huo usikudanganye, kwani Kenya haumo.

Nyaraka zitafute mwenyewe. Fomu ya CR12, inayoonyesha wakurugenzi na wanahisa, iombe kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Nakala anayokuletea wakala huenda ni ya kabla hisa hazijahamishwa. Kwa wamiliki halisi, mwambie aandike na kutia saini majina ya kila mwenye angalau asilimia 10 ya hisa au kura, kisha uyalinganishe na CR12. Hapo ndipo muulize bila kuzungukazunguka: kuna mwenye hisa, mke, mume au ndugu wa karibu anayefanya kazi forodha, bandarini au kwenye shirika linalokagua ubora? Jibu la "ndiyo" halimwondoi, lakini lazima ujue ni nani na anakaa dawati gani. Jibu la "hapana" lililotiwa saini linakupa sababu ya kuvunja mkataba ukigundua vingine.

PIN (namba yake ya mlipakodi) na cheti cha ulipaji kodi vihakikishe kwenye tovuti ya KRA, Mamlaka ya Mapato ya Kenya. Leseni ya uwakala iangalie ni ya mwaka huu, maana huhuishwa kila mwaka. Majina ya kampuni na wakurugenzi yapitishe kwenye hukumu zilizochapishwa na Kenya Law, orodha ya waliozuiwa kushiriki zabuni za serikali, na ile ya Benki ya Dunia. Hifadhi picha ya kila ukurasa ikiwa na tarehe, hata usipopata kitu, kwa sababu bila hiyo huna namna ya kuonyesha kwamba ulitafuta.

Yote hayo huchukua nusu siku. Kazi yenyewe iko kwenye kwotesheni, yaani mchanganuo wa bei anaokuletea wakala.

Isome mstari kwa mstari, na kila mstari uujibie maswali matatu: analipwa nani, kwa huduma gani, risiti itatoka kwa nani? Ushuru, VAT na tozo za bandari zina mlipwaji anayejulikana, na ushuru hulipwa kwa namba ya malipo inayotolewa na mfumo wa KRA. Ada ya wakala ni yake, na aitolee ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki. Sasa tuseme chini yake kuna "fasilitesheni 20,000" au "mengineyo". Maswali yote matatu yanakosa jibu. Usikubali akuambie "ndivyo kazi ilivyo". Mwombe aufute mstari huo au amtaje mlipwaji. Kuwa mwangalifu zaidi akirudi na bei mpya ambayo ada ya uwakala imepanda kwa 20,000 zilezile: pesa haijaondoka, imebadilishiwa jina. Bei ya jumla isiyo na mchanganuo ina hatari hiyohiyo, na bonasi ya kutoa mzigo haraka ni mbaya kuliko zote.

Kuna tatizo jingine linalopita ukaguzi wa nyaraka: leseni ya kuazima. Unayezungumza naye ni dalali, na nyaraka nzuri ulizokagua ni za kampuni nyingine inayomruhusu kutumia jina lake. Mzigo wa kwanza ukitoka, tazama jina la wakala kwenye tamko la forodha. Likitofautiana na la mkataba, simamisha kazi. Akaunti ya benki nayo iwe na jina la kampuni; usitume M-Pesa kwa simu ya mtu.

Mkataba useme wazi: hakuna malipo yasiyo na risiti, hakuna kumpa kazi wakala mwingine bila idhini ya maandishi, una haki ya kukagua vitabu vyake vya mizigo yako, na hongo inavunja mkataba papo hapo. Kisha kila robo mwaka chukua mafaili machache bila kumjulisha, ulinganishe risiti na ankara. Anayekagua asiwe yule anayesubiri mzigo. Meneja wa mauzo ambaye gharama za kontena kukaa bandarini zinamkimbilia atapitisha chochote, na shinikizo hilo ndilo linalozaa hongo nyingi. Anza nyaraka kabla meli haijafika.

Ukipata dalili, usianze kwa kumpigia wakala. Hifadhi ushahidi na umwite mwanasheria siku hiyohiyo, kwa sababu kifungu cha 14 cha Sheria ya Hongo kinamtaka mwenye madaraka katika kampuni kuripoti kwa EACC, tume ya Kenya ya kupambana na ufisadi, ndani ya saa 24, hata kama alichonacho ni shuku tu.